Redio ya babu ni bei ya mbuzi watatu

Nimepotea kidogo hapa kibarazani, na najua niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata. Itakuja, msinipige mawe. Leo niruhusuni niweke programu kando niwasimulie habari ya redio, maana imenikaa kichwani tangu nirudi kutoka nyumbani Garsen wiki iliyopita.

Marehemu babu yangu alikuwa mpokeaji wa ujumbe wa redio katika ofisi moja ya serikali huko Tana River tangu miaka ya 1960. Kazi yake ilikuwa kuvaa visikizi, kusikiliza na kuandika. Alipostaafu akafungua kibanda cha kutengeneza redio pale Garsen mjini, chenye jenereta ndogo iliyopiga kelele kuliko redio zote. Mle ndani palikuwa na redio moja ambayo haikuwa ya mteja. Aliinunua katika mnada wa mali kuukuu. Ni Eddystone 840C, ya valvu za kioo, iliyotengenezwa Birmingham, Uingereza. Inapokea tu, haitumi.

Raha yake ni lile gurudumu la kutafutia stesheni. Lina uzito ndani, kwa hiyo ukilisukuma kwa kidole linaendelea kuzunguka lenyewe, na mshale unateleza kwenye kioo kupita masafa ya kati hadi mwisho wa masafa mafupi, megahezi 30. Sisi wajukuu tulikatazwa kuligusa. Tuliligusa.

Babu alifariki mwaka 2015. Redio ikahamishiwa kwa nyanya, ikafunikwa leso, ikawa meza ya kuwekea taa.

Mwaka 2023 ada ya binamu yangu ilisumbua, na mtu mmoja katika familia akasema: "Si uko kwa kompyuta wewe? Tafuta huko mtandaoni hiyo redio ni pesa ngapi." Ombi halali kabisa. Nikaingia kazini.

Kosa la kwanza, ambalo wengi wetu tungefanya, ni kuangalia bei zinazoombwa. Mtu anaweza kuombea redio bei ya gari, na redio ikakaa miaka mitatu bila mnunuzi. Nikaandika kijiprogramu cha Python cha kukusanya bei za redio zilizouzwa kweli. Hapo picha ikabadilika.

Wanunuzi wa redio hizi wengi ni wanaredio wa ridhaa, hao wanaojiita ham. Ni watu wenye leseni ya kuzungumza hewani kwa kujifurahisha na kujifunza. Hata Kenya wapo, na ishara zao za wito huanza na 5Z4. Kabla ya uhuru zilianza na VQ4. Kwao redio kuukuu ni kama ng'ombe kwa Muorma: anaijua kwa pembe, kwa rangi na kwa ukoo. Wanajua kwamba Hallicrafters SX-88 ya Marekani, ya miaka ya 1950, zilitengenezwa chache, kwa hiyo ikijitokeza moja wanagombana. Wanajua kwamba Collins 75A-4, iliyotoka mwaka 1955, huthaminiwa zaidi ikiwa namba yake ya toleo ni ya mwishomwisho. Racal RA17 nayo inaheshimiwa kwa sababu ya saketi iliyobuniwa na Trevor Wadley, mhandisi wa Afrika Kusini, iliyoifanya itulie kwenye masafa bila kuyumba, jambo lililokuwa gumu zama za valvu.

Umri peke yake hauleti thamani. Wanauliza zilitengenezwa ngapi, imebaki na vifaa vyake vyote, kuna mtu aliyeipaka rangi upya, kitabu chake kipo. Hata namba ya toleo ya Eddystone wanaisoma: ile herufi mbili za mwanzo zinaficha mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Mimi kama mwandishi wa programu nilicheka, maana nasi tunaficha tarehe ndani ya namba za matoleo hivyo hivyo.

Na Eddystone 840C ya babu? Samahani. Ni redio nzuri, lakini si adimu. Ziliuzwa kwa wingi, kwenye meli na kwa watu waliokaa mbali na miji, kwa sababu zilikubali umeme wa aina zote mbili. Bei niliyoipata, kabla ya gharama ya kuisafirisha, ni ya mbuzi watatu wa Garsen.

Lakini hebu jiulize: huku kwetu zimebaki ngapi? Pwani ya Kenya haikuwa ngeni kwa redio za aina hii. Mwaka 1942 Waingereza walihamishia Mombasa kituo chao cha kunasa na kufumbua ujumbe wa siri wa Wajapani, wakakaa katika shule ya Allidina Visram hadi 1943. Baada ya vita zikaja za meli, za misheni, za ofisi za wilaya. Nyingi ziliishia kwa mtu wa vyuma kuukuu, shaba ikatolewa, basi. Zilizobaki zikaliwa na unyevu. Iliyo ya kawaida Birmingham inaweza kuwa ya pekee Garsen, ila soko halilipi upekee wa namna hiyo.

Nikampata mnunuzi, mzee mmoja wa Uingereza. Nikamtumia picha. Akajibu kwa adabu, akauliza swali moja: je, pamoja na redio kuna maandishi yoyote ya mwenyewe?

Nikamjibu: "Ni madaftari ya zamani tu." Hata kuyapiga picha sikuyapiga. Mazungumzo yakalala, ada ikalipwa kwa njia nyingine, nami nikasahau.

Mwaka 2024, mwezi wa Aprili na Mei, Tana ikafurika. Mnaikumbuka mvua ile. Mabwawa ya juu yalijaa na maji yakateremka kwetu. Nyanya alihamishiwa kambini, kwenye mwinuko. Vijana waliomsaidia walikuwa na akili: redio, kitu cha thamani, wakaipandisha juu ya boriti za paa. Sanduku la bati la madaftari likabaki chini ya kitanda.

Nilipofika, redio ilikuwa kavu. Madaftari yalikuwa 11. Saba yalikuwa yamegandamana kama matofali.

Wiki iliyopita ndipo nilipokaa kitako kuyasoma yale manne yanayofunguka. Upande wa kushoto kuna kile ambacho ham yeyote angekitambua: saa, masafa, stesheni, sauti ilikuwa na nguvu gani. Upande wa kulia, kila siku, neno moja na namba: "Mto." Alianza zile siku za kazi, ofisi za juu zilipotaja kina cha maji hewani. Maji yakipita Garissa huchukua siku kadhaa kufika Garsen, na siku hizo kadhaa ndizo za kuhamisha watoto, mbuzi na mahindi. Alipostaafu aliendelea. Alikwenda mtoni mwenyewe, akapima kwa macho, akaandika. Hakuna aliyemlipa.

Mimi nilizaliwa mwaka 1997, mwaka wa El Niño. Nililitafuta daftari la mwaka huo. Limo katika yale saba.

Nafanya kazi ya kuhifadhi data za watu. Kila siku nawahubiria wateja: fanya nakala ya akiba. Na data adimu kuliko zote nilizowahi kukaa karibu nazo niliziita "madaftari ya zamani tu". Kosa ni langu, silisukumi kwa mto.

Basi nikamweleza nyanya yote, na kwamba yule mzee bado anaitaka redio, lakini mimi nasita. Nyanya akanitazama.

"Umesema ni mbuzi watatu?"

"Ndiyo, nyanya."

"Mbuzi huzaa, mjukuu wangu. Hiyo inazaa nini?"

Sikuwa na jibu. Yeye ndiye aliyepoteza mifugo kwenye maji, si mimi ninayekaa Nairobi nikililia kumbukumbu. Kwa hiyo nimeinunua mwenyewe, kwa bei ile ile ya soko. Mbuzi watatu wako zizini. Redio iko hapa mezani, na sijaichomeka. Kurasa za yale manne nimezipiga picha, na jioni naziingiza kwenye jedwali, mstari kwa mstari. Yale saba nayakausha polepole kivulini.

Sasa neno kwako msomaji mwenye redio ya namna hii nyumbani. Usiichomeke kwenye umeme kwa hamu ya kuijaribu: kapasita zake za karatasi zimezeeka, na aina kama hii ya babu chuma chake cha ndani kinaweza kubeba umeme wa ukutani. Tafuta fundi anayejua valvu. Usiipake rangi. Soma namba ya toleo. Angalia bei zilizouzwa, si zinazoombwa.

Ila kabla ya hayo yote, fungua droo, fungua sanduku, utafute alichoandika mwenye redio. Kipige picha leo leo.

Ile makala ya hifadhidata ni wiki ijayo. Safari hii ni kweli.