Wikiendi ya Wawili Bariadi: Taratibu, Tembo Anavuka

Mmechoka na viwanja vile vile vya Mwanza? Wikiendi hii mchukue mwenzi wako muelekee Bariadi. Mnapita Magu, mkifika Lamadi mnaiacha barabara ya Musoma na kukata kulia. Kuanzia hapo ni mashamba ya pamba, ng'ombe wa Wasukuma na lami inayoushawishi mguu kukanyaga mafuta.

Usikubali! Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa 2012, unapakana na Serengeti na una Pori la Akiba la Maswa. Wanyama hawajui mpaka. Tembo hutoka usiku kufuata mahindi ya watu, na ngozi yake haing'ai kwenye taa. Mpaka umwone, umeshamfikia. Mwaka 2021 IUCN ilimtaja tembo wa savana kuwa yuko hatarini kutoweka. Mama hubeba mimba takriban miezi 22, kwa kawaida apate ndama mmoja tu.

Hesabu ni hii: kwa kilometa 100 kwa saa, gari linakula mita 28 kila sekunde. Shuka hadi 50, breki itahitaji kama robo tu ya umbali ule. Akivuka mmoja, simama mbali, zima honi, subiri wenzake.

Na wewe uliyekaa pembeni, usinyamaze eti utamuudhi. Mwambie, "Mpenzi, punguza mwendo." Dereva anayekupenda atapunguza. Ondokeni asubuhi, mfike kabla ya giza.