Servleti Yetu ya Kwanza

Jumapili ile, saa mbili usiku, nilimwambia mwenzangu kwamba ameharibu kazi yangu. Nilisema na mengine ambayo sitayarudia hapa. Kesho yake saa nane mchana tulitakiwa kuionyesha servleti yetu mbele ya darasa, kwa alama ishirini, na kila tulipoiita kwenye kivinjari tulijibiwa 404: unachotafuta hakipo.

Mwenzangu huyo ni Mkongomani wa Bukavu. Amenizidi umri kwa miaka kadhaa, kwa hiyo namwita kaka. Mimi ni Mganda. Kifaransa sikijui hata cha kuombea maji, na Kiingereza chake bado kinachechemea, hivyo tulipopangwa pamoja tulifanya kazi yote kwa Kiswahili. Haikuwa rahisi. Jaribuni kueleza servleti kwa Kiswahili muone! Mwishowe tulielewana kwa mfano wa steji ya bodaboda. Servleti ni programu ya Java isiyojianzisha yenyewe kama zile tulizoandika mwaka wa kwanza. Inakaa kwenye seva ikingoja kuitwa, kama dereva anayengoja abiria. Tomcat ndiye mwenyekiti wa steji. Abiria akitaja anakokwenda, mwenyekiti anatazama daftari lake na kumwita dereva anayehusika. Dereva asiyeandikwa humo hapewi abiria, hata awe amesimama palepale na pikipiki yake inanguruma.

Kuandikwa katika daftari hilo kuna njia mbili. Ya zamani ni faili la web.xml, linalowekwa ndani ya folda ya WEB-INF, ambamo unataja jina la servleti, darasa lake la Java, na anwani itakayoiita. Ya pili ilikuja na toleo la 3.0 la servleti, mwaka 2009: unaandika @WebServlet juu ya darasa lenyewe, pamoja na anwani, basi. Sisi tulichagua ya pili kwa sababu ni fupi. Uvivu, kusema kweli.

Ijumaa tulifanya kazi kwenye kompyuta yangu, iliyokuwa na Tomcat 9. Ndani ya folda ya webapps tulitengeneza folda ya salamu, ndani yake WEB-INF, na ndani ya hiyo folda ya classes yenye darasa letu lililokwisha kukompailiwa. Jina la ile folda ya kwanza huingia kwenye anwani, kwa hiyo servleti yetu ilipaswa kuitikia localhost:8080/salamu/karibu. Haikuitikia. Nilikuwa nimeandika "karibu" bila mkwaju mbele yake, na kwa kosa la alama moja tu Tomcat ilikataa kuianzisha salamu nzima. Lakini ilisema. Nilipofungua logi za seva nikakuta sentensi inayotaja neno "karibu" na kueleza kuwa anwani hiyo si halali. Niliongeza mkwaju, nikawasha seva upya, na ukurasa ukatokea: "Karibu," na jina la aliyeingia. Kaka aliandika jina la mama yake, akalitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Basi usiku ule nilijifunza kuziamini logi, na imani hiyo ndiyo iliyoniponza.

Betri ya kompyuta yangu haishiki chaji, na umeme wa hosteli hauaminiki, kwa hiyo tulikubaliana kuonyesha kazi kwa kompyuta ya kaka. Nilinakili folda ya salamu kwenye flashi nikampa. Yeye alikuwa ameweka Tomcat 10. Tulidhani mpya ni bora, hakuna aliyeuliza zaidi. Jumapili jioni akanipigia simu: haifunguki. Nilikwenda. Seva iliwaka vizuri. Ukurasa wa mwanzo, ule wa HTML tupu, ulifunguka vizuri. Servleti peke yake ndiyo iliyotoa 404. Nikakimbilia logi: hakuna kosa hata moja. Zilisema salamu imepokelewa, muda uliotumika, mwisho.

Nilifikiri hivi: kama kuna kosa, Tomcat ingesema, kama ilivyosema Ijumaa. Haijasema, kwa hiyo programu haina kosa. Basi kuna mtu ameigusa. Na mtu alikuwa mmoja tu.

"Dada, mimi sikugusa kitu," alisema, mara moja tu. Hakubishana. Darasani pia hanyanyui mkono, kwa sababu ya Kiingereza, na nadhani nilikuwa nimezoea kuuona ukimya wake kama kutojua.

Baada ya kimya kirefu akapendekeza tuache njia ya mkato. Tuandike web.xml kwa mkono, tumtajie mwenyekiti jina la dereva waziwazi. Niliona ni kupoteza muda, lakini sikuwa na wazo jingine. Tukaandika, tukawasha seva, tukaita anwani. Safari hii tulipata 500 badala ya 404, na chini yake maelezo marefu. Kaka alifurahi kana kwamba imefanya kazi. Akaanza kuyasoma kwa kidole, neno kwa neno, mpaka alipofika mahali pasemapo kwamba darasa la javax/servlet/http/HttpServlet halionekani. Akafungua folda ya lib ya Tomcat yake, akaorodhesha yaliyomo ndani ya faili la servlet-api.jar. Hakukuwa na javax hata moja. Majina ya madarasa yalianza na jakarta.

"Njo hii," akasema.

Historia yake tuliisoma usiku uleule. Mwaka 2017 Oracle ilitangaza kuikabidhi Java EE kwa taasisi ya Eclipse, lakini jina la javax halikwenda nayo kwa uhuru wa kuliendeleza. Mradi ulipewa jina la Jakarta EE, na toleo lake la 9, la mwaka 2020, likabadilisha majina yote ya ndani. Tomcat 9 ilibaki na javax, Tomcat 10 ikahamia jakarta. Servleti yetu ilikuwa dereva aliyevaa koti la chama kilichobadili jina. Tomcat 10 ilipopita ikitafuta alama za @WebServlet za jakarta, ile yetu ya javax haikuihesabu kuwa alama, na kitu usichokihesabu hukiandikii kosa. Tulipolitaja darasa katika web.xml ndipo ilipolazimika kulifungua, ikakwama, ikasema.

Kurekebisha hakukuchukua hata robo saa. Tulibadilisha mistari ya import, tukakompaili upya kwa kutumia servlet-api.jar ya Tomcat 10, na faili hilo hatukulitia ndani ya WEB-INF/lib, maana seva inalo lake. Tulilifuta web.xml pia, na @WebServlet ikafanya kazi. Nilimwomba kaka radhi. Akasema yamekwisha, akaniambia nikanunue rolexi mbili kabla wauzaji hawajafunga. Nilikwenda.

Jumatatu mhadhiri alituambia kwamba Tomcat 10 ina folda ya webapps-javaee: ukiweka humo programu ya zamani, yenyewe huibadilisha majina. Darasa zima lilicheka, sisi tukacheka kwa kuchelewa. Kisha akauliza ni nani aliyeligundua kosa. Nikamtaja kaka. Alisimama akaeleza kwa Kiswahili, steji na mwenyekiti na koti, nami nikatafsiri.

Folda ya zamani bado iko kwenye flashi yangu. Niliitazama jioni ile kabla ya kuifuta, kisha sikuifuta. Darasa letu lilibadilishwa mara ya mwisho Ijumaa, saa nne na dakika kumi usiku, kwenye kompyuta yangu mwenyewe.