Mama, Unanisikia?

Mwaka wa pili chuoni, kabla karo haijanishinda, mhadhiri wetu wa mitandao alituambia kwamba kompyuta haitumi ujumbe ukiwa mzima. Huukatakata vipande, kila kipande na anwani yake, na kila kimoja kinaweza kupita njia tofauti.

Kisha akaandika njia mbili ubaoni. Ya kwanza ni TCP, iliyotokana na kazi ya Vint Cerf na Bob Kahn ya 1974. Hii hupiga hodi kwanza: "Unanisikia?" "Nakusikia, wewe je?" "Nakusikia pia." Vipande hupewa namba, mpokeaji huthibitisha alivyopata, kilichopotea hutumwa tena. Ya pili ni UDP, ya 1980. Hii haina hodi. Inatuma na kusonga mbele. Ikifika, imefika.

Simu za intaneti hutumia sana hiyo ya pili. Kila kipande hubeba sauti ya milisekunde 20 hivi, na sauti iliyochelewa haina kazi tena. Afadhali neno moja lipotee kuliko mazungumzo yote yasimame kulingoja.

Haya yote niliyajua usiku ule nilipompigia mama kwa intaneti, maana credo ilikuwa imeisha ila data ilibaki. Yeye kijijini, mimi kwa bedsitter yangu Githurai. Nilikuwa nimefanya mazoezi wiki nzima. Nikasema, "Mama, nimeacha chuo. Siku hizi naandika."

Sauti ikakwaruza. Kimya. Kisha akasema, "Haya mwanangu. Kazana."

Kazana na nini? Sikuuliza. Nilikata simu nikijiambia kwamba mimi nimesema. Miezi minne nikajificha hapo: nilituma, kama haikufika si shida yangu. Kila alipotuma mia tano kwa simu, nilisema asante na sikuuliza ni ya nini.

Juzi nikachoka. Nikamwandikia: "Mama, ile siku nilikuambia nimeacha chuo. Ulinisikia?"

Tiki mbili. Zikageuka buluu. Nikaiweka simu kitandani, nikaenda kuosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Jibu likaingia: "Nilisikia. Nilikuwa nangoja uniambie tena ukiwa umetulia. Umekula?"

Sikuwa nimekula. Nikakopa credo, nikampigia.