Hofu ya Hiari

Hofu ni mgeni asiyebisha hodi. Huingia katika nyumba ya tajiri kama aingiavyo katika kibanda cha maskini, na mlango wa chuma haumzuii. Kwa desturi mwanadamu humkimbia. Lakini iko ajabu moja: kuna saa ambayo mwanadamu huyo huyo humwita mgeni huyu kwa hiari yake, humwekea kigoda karibu na moto, na humsihi asiondoke upesi. Saa hiyo ni saa ya hadithi ya kutisha.

Msomaji, nataka tufikiri pamoja juu ya mambo mawili. La kwanza ni jinsi ya kumshika mgeni huyu asitoroke kabla ya wakati wake. La pili ni jinsi ya kumtoa nje wakati wake ukifika. La kwanza ni ufundi. La pili ni uungwana. Mtu mwenye ufundi bila uungwana ni hatari kwa wenzake, na mtu mwenye uungwana bila ufundi atawalaza watu usingizi.

Kangeta, katika nchi ya Igembe, ni mahali panapofaa kwa somo hili. Ni mji mdogo ulio juu ya barabara itokayo Meru kwenda Maua, na milima ya Nyambene haiko mbali nao. Mashamba ya miraa yameuzunguka, hata jina la Kangeta limekuwa pia jina la aina moja ya miraa sokoni. Mchana hapana cha kutisha: magari hupakiwa, wachuuzi huita, watoto hucheka. Lakini ukungu ukishuka jioni, miraa mizee iliyopindapinda hufanana na watu walioinama kusikiliza, na kikohozi cha mlinzi gizani hakijulikani kimetoka upande gani. Mahali ni pale pale. Kilichobadilika ni macho ya mtazamaji.

Katika shule moja ya huko nimekuwa kiongozi wa kundi la wanafunzi wachezao hadithi za kutisha kila Jumamosi baada ya chakula cha jioni. Nasema wachezao, sisemi wasikilizao. Mmoja huwa msimulizi. Waliobaki kila mmoja huvaa nafsi ya mtu: huyu dereva wa lori, yule mkunga, mwingine askari aliyestaafu. Msimulizi hueleza walipo na sauti waisikiayo. Wao hujibu watakalotenda. Na hadithi huelekea upande ule ambao matendo yao yameisukuma. Hata msimulizi hajui mwisho wake.

Mchezo huu si mgeni duniani. Bibi zetu waliposema “Paukwa!” walingoja “Pakawa!”, na wimbo wa ngano haukuimbwa na mdomo mmoja. Huko Japani, katika zama za Edo zilizoanza mwaka 1603 na kwisha mwaka 1868, watu walikutana usiku wakawasha taa mia moja. Kila hadithi ya kutisha ilipokwisha, taa moja ilizimwa, na chumba kikazidi giza. Yasemekana wengi walikoma kwenye hadithi ya tisini na tisa, kwa kuogopa kitakachokuja taa ya mwisho ikizimwa. Katika mwaka 1816, karibu na ziwa la Geneva, mvua ziliwafungia nyumbani rafiki kadha wa mshairi Byron, naye akawataka kila mmoja atunge hadithi ya mizuka. Miongoni mwao alikuwamo msichana wa miaka kumi na minane, Mary, aliyekuwa mke wa Shelley baadaye mwaka ule. Hadithi yake ilichapishwa mwaka 1818 kwa jina la Frankenstein, na hata leo haijazeeka. Katika Marekani ulitokea mwaka 1981 mchezo uitwao Call of Cthulhu. Ndani yake mchezaji hahesabiwi nguvu za mwili tu; huhesabiwa na akili timamu, na kila aonapo jambo la kutisha hesabu hiyo yaweza kupungua. Leo vijana walio katika nchi mbalimbali hucheza michezo ya namna hii kwa kuandikiana, bila kuonana uso kwa uso.

Sasa tuutazame ufundi wenyewe. Fundisho la kwanza ni kwamba hofu huota katika udongo wa mambo ya kawaida. Msimulizi mchanga huanza na fuvu, damu na radi. Wasikilizaji hucheka, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa katika nyumba ya mafuvu. Msimulizi mpevu huanza na sufuria ya githeri jikoni, ndoo ya maji mlangoni, na mbwa alalaye uani. Watu wakiisha kuizoea nyumba, husema neno moja tu: mbwa ameamka, anatazama ndani ya nyumba, wala hatazami nje. Neno hilo lina nguvu kuliko mafuvu kumi.

Fundisho la pili ni kwamba kisichoonekana hutisha kuliko kionekanacho. Katika misitu ya Mlima Kenya huishi perere, mnyama mdogo asiyemshinda sungura kwa ukubwa. Usiku hulia juu ya miti kwa sauti ya kukwaruza ipandayo hata ikawa kama yowe la mtu. Mgeni aisikiaye kwa mara ya kwanza husimamisha nywele. Akionyeshwa mnyama mwenyewe asubuhi, huona haya. Tazama pia habari za Tsavo. Katika mwaka 1898 simba wawili waliwashambulia wajenzi wa reli kwa muda wa miezi tisa, mpaka Patterson, msimamizi wa ujenzi wa daraja, alipowaua katika Desemba. Baadhi ya wafanyakazi walisadiki kuwa wale hawakuwa simba bali mashetani. Kwa nini? Simba mmoja mchana ni simba tu. Lakini simba ambaye hujui usiku huu ataingia katika hema gani, huyo yumo katika mahema yote. Siku hizi miili yao imehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho ya Chicago, na watoto huwatazama bila kutetemeka.

Fundisho la tatu ni kazi. Mtu aliyekaa bure huchoka upesi, na aliyechoka haogopi. Mpe kila mchezaji kitu cha kulinda na uamuzi wa kufanya. Mmoja ashike ufunguo. Mwingine ajue siri asiyoweza kuwaambia wenzake. Wa tatu awe na kibiriti chenye njiti tatu tu. Kisha uamuzi wao uwe na gharama ya kweli. Wakichagua kukimbia, jambo fulani lipotee lisirudi. Mchezaji akijua kwamba msimulizi atamwokoa kila mara, ataanza kupiga miayo. Akijua kwamba hawezi kuokoka kwa njia yoyote, ataacha kujaribu. Hofu hukaa katikati ya mambo hayo mawili, mahali ambapo tumaini ni jembamba lakini halijakatika.

Fundisho la nne ni pumziko. Kamba ivutwayo daima hukatika. Baada ya kitisho kimoja, waache wachezaji wapike chai ndani ya hadithi, wataniane, wamcheke askari mstaafu kwa kukoroma kwake. Kicheko hakiui hofu. Huipa nafasi ya kuvuta pumzi. Na la tano ni fundo. Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela aliuokoa uhai wake kwa kuikata hadithi mahali ambapo mfalme hakuweza kulala bila kujua yaliyofuata. Msimulizi anayetaka wenzake warudi Jumamosi ijayo asifungue mafundo yote kwa usiku mmoja.

Hayo ndiyo ya ufundi. Sasa nije kwa lililonifanya nishike kalamu.

Muhula mmoja zimwi la mchezo wetu lilipewa na wachezaji sura ya ajuza aishiye peke yake. Hawakutaja jina la mtu. Lakini nje ya shule aliishi mjane mmoja mzee, mwuza ndizi, na maneno yana miguu. Yalitoka kwenye duara letu yakaenda bwenini. Yakatoka bwenini yakapita ua. Na haukupita mwezi kabla watoto wadogo wa njiani hawajaanza kumkimbia. Siku moja bibi huyo alikuja langoni, kikapu chake kimejaa, akauliza kwa upole ametenda kosa gani hata ndizi zake hazinunuliwi.

Msomaji, usilifanye dogo jambo hili. Katika Mei 2008, huko Kisii, makundi ya watu waliwachoma moto hadi kufa wenzao kumi na mmoja walioshukiwa uchawi, na wengi wao walikuwa wazee. Mauti kama hayo hayaanzi kwa kiberiti. Huanza kwa hadithi iliyopewa uso wa jirani. Tena, hisia huambukiza kama surua, na hupenda sana mahali ambapo vijana wengi hukaa pamoja. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walishikwa na kicheko kisichozuilika. Kikaenea hata kikawapata 95 kati ya wanafunzi 159, na katika Machi shule ikafungwa. Ikiwa kicheko chaweza kufunga shule, hofu yaweza nini?

Tulisimamisha mchezo. Wachezaji wote walikwenda kwa yule bibi, wakamwamkia kwa adabu, wakanunua ndizi zake zote, wakazila hapo hapo mbele ya watoto wa njia. Hawakuhubiri, walikula tu. Kisha tuliketi kutunga sheria. Ya kwanza ilisema: zimwi letu halitakuwa na uso, nyumba, kabila, ugonjwa wala kilema cha mtu yeyote aliye hai. Mwanafunzi mmoja hodari alisimama akapinga. “Mwalimu,” alisema, “zimwi lisilo na uso halimtishi mtu. Tutakuwa tukicheza na hewa.” Swali lake lilikuwa la haki, nami sikulijibu kwa maneno. Nilimwomba yeye mwenyewe awe msimulizi wa Jumamosi iliyofuata, aijaribu sheria hiyo.

Usiku ule zimwi halikuonekana wala halikusikika. Alama yake ilikuwa moja: kila lilipopita karibu na nyumba, mtu mmoja ndani alisahau jambo alipendalo. Dereva alisahau njia ya kwao. Mkunga alisahau wimbo wake. Ndipo msichana aliyekuwa mama wa nyumba akaambiwa awaite watoto wake kulala. Akawaita, akawahesabu: wanne. Akajifunika shuka kwa utulivu. Sisi sote tulijua kwamba alikuwa nao watano.

Hapana aliyesema neno kwa muda mrefu. Nilimtazama yule msimulizi nikaona naye ametishika kwa hadithi yake mwenyewe. Hapo ndipo kundi zima lilipotambua kwamba ufundi na uungwana si maadui. Zimwi lenye uso wa jirani ni kazi ya mvivu, maana msimulizi ameiba hofu iliyo tayari mioyoni mwa watu. Zimwi lisilo na uso humlazimu kila msikilizaji kuchimba ndani ya nafsi yake, na huko hukuta kile anachoogopa kukipoteza. Hofu ya namna hii humrudisha mtu nyumbani akiwapenda zaidi walio wake. Hofu ya namna ile humrudisha akiwa na jiwe mkononi.

Sheria nyingine ni chache. Mchezaji yeyote akiinua mkono, hadithi husimama, wala haulizwi sababu, kwa kuwa hatujui mwenzetu amebeba msiba gani. Asiyetaka kucheza hachekwi. Hadithi haifuati mtu bwenini; ikifungwa, imefungwa. Na kila usiku humalizika kwa taa zote kuwashwa, wachezaji kutajana kwa majina yao ya kweli, na wimbo mmoja wa furaha. Wajapani wa kale walizima taa moja moja. Sisi huziwasha zote pamoja. Njia zote mbili zina maana, lakini mwenye dhamana ya watoto wa watu huchagua ya pili.

Labda utauliza: kuna faida gani kumwita mgeni mbaya namna hii, hata kwa adabu zote hizo? Mimi naona faida kubwa. Maisha yatakutisha bila kukuomba ruhusa: mtihani, ugonjwa, ukame, kifo cha mzazi. Kijana aliyezoea kukaa na wenzake gizani, akaamua neno huku moyo ukimdunda, amejifunza kwamba hofu haimwondolei mtu akili wala haimwondolei wema. Mwoga si yule atetemekaye. Mwoga ni yule ambaye, akitetemeka, humtafuta mnyonge wa kumtupia lawama.

Basi, ukipata zamu ya kusimulia, simulia kwa nguvu zako zote. Watishe wenzako hata wasogeleane. Lakini kabla hujafumbua kinywa, mtazame kila aliyeketi mbele yako, na mkumbuke kila asiyekuwapo, ujiulize kama hadithi yako itamwacha salama. Ukiwa na jibu jema, punguza taa uanze.