Changarawe Katika Kopo

Mlio ule niliusikia kwa mara ya kwanza mwezi wa Oktoba mwaka 2019, nilipokuwa nikipanda mwinuko wa Kimara kutoka kazini. Ulikuwa mwembamba na mkavu, mfano wa changarawe zinazotikiswa katika kopo la maziwa. Nilipoondoa mguu kwenye kikanyagio cha mafuta ukatoweka. Nilipokanyaga tena ukarejea. Nikaongeza sauti ya redio. Nakiri hayo mapema, ndugu msomaji, usije ukadhani kwamba katika kisa hiki mwandishi ndiye aliyekuwa na hekima.

Gari lenyewe lilikuwa la Kijapani, la mwaka 1995, lenye turbo, nililolinunua kwa akiba ya miaka minne. Nililipenda kupita kiasi. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka injini, nayo huishindilia hewa ndani ya silinda, hata injini ndogo ikavuta kama kubwa. Lakini hewa iliyoshindiliwa hupata joto, kama ajuavyo kila aliyewahi kujaza upepo baiskeli na kuishika pampu baadaye. Joto hilo na kani hiyo ndivyo vinavyoifanya injini ya turbo isiwe na huruma kwa mwenye uzembe.

Baada ya wiki chache gari likawa zito. Nikalipeleka gereji, na badala ya kueleza mlio, nikalalamikia nguvu. Fundi, kijana mwepesi wa mikono, alilegeza nati ya distributa, akaizungusha kidogo huku akitega sikio, akakaza. "Sasa litaruka, kaka," akasema. Kweli liliruka. Na mlio ukazidi. Hapo nikamgeukia mwenye kituo cha mafuta, nikashikilia kwamba ananiuzia petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mchanganyiko wa namna hiyo huweza kweli kuleta mlio, kwa kuwa mafuta ya taa hushusha okteni ya petroli, yaani ule uwezo wake wa kustahimili kani bila kuwaka wenyewe. Ila mimi sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa natafuta mtu wa kumlaumu.

Mwezi wa Desemba nilikuwa nikimrudisha mama yangu nyumbani Iringa, baada ya kupasuliwa mtoto wa jicho huku Dar es Salaam. Tulikuwa watu watano na mizigo. Katika mkoba wangu mlikuwa na fedha za mabati: nyumba ya mama ilikuwa ikivuja, nami nilikuwa nimemwahidi kwamba mvua za masika hazitamkuta chini ya paa lile.

Tulipita Mikumi na Ruaha Mbuyuni bila tatizo. Kwenye mlima wa Kitonga, ambako barabara hupanda kwa kujikunja ubavuni mwa genge, nilibaki gia ya nne ili nisipoteze mwendo, nikakanyaga hadi mwisho kulipita lori. Hakuna namna bora zaidi ya kuiua injini ya turbo: joto la mchana, mzigo mzito, mzunguko wa chini na kikanyagio sakafuni. Mama, jicho moja likiwa limefunikwa, ndiye aliyesema, "Baba, gari lako linalia." Nikamjibu kwamba ni mlima tu. Dakika chache baadaye kukasikika kishindo kidogo, nguvu ikakatika, na nyuma yetu ukatanda moshi wa bluu. Tulijikokota hadi Ilula. Mama na wadogo zangu wakapanda basi. Mimi nikabaki kutafuta wa kunivuta.

Fundi aliyelipokea gari lile Iringa alikuwa mzee aliyekaribia miaka sabini. Hakuligusa kwanza. Aliniuliza mlio ulianza lini, ukiwa gia ipi, gari likiwa tupu au na mzigo. Nikajibu. Kisha akachomoa plagi nne akazipanga juu ya gazeti (si letu, nilishukuru) na kunipa kioo cha kukuzia. Kaure ya plagi ya tatu ilikuwa nyeupe kama mfupa, nayo ilikuwa na vidoa vidogo vinavyometameta.

"Hizo ni pistoni zako, kijana," akasema. "Ni aluminiamu iliyoyeyuka."

Akapima kani ya silinda. Tatu zilisoma kilo 11 kwa kila sentimeta ya mraba. Ya tatu ilisoma 6. Kisha akaniketisha juu ya debe, akanieleza. Cheche hutolewa kabla pistoni haijafika kileleni, maana moto huhitaji muda kidogo kuenea, na nguvu yake kubwa yapasa kuikuta pistoni imekwisha kuanza kushuka. Cheche ikiwahi mno, au hewa ikiwa na joto mno, au petroli ikipungua, ile sehemu ya mchanganyiko ambayo moto haujaifikia hulipuka yenyewe kwa mara moja. Mlipuko huo hugonga kuta za silinda kama nyundo, na ndiyo changarawe niliyokuwa nikiisikia. Injini ya namna yangu ina kihisio kinachosikiliza mgongo huo, na kompyuta huichelewesha cheche ili kuiokoa. Cheche ikichelewa, gari huwa zito.

Nilianza kuelewa, na aibu ikanishika.

Alikuwa amekwisha kuangalia distributa kwa taa ya taimingi. Unaunganisha vijishimo viwili katika kisanduku kidogo kilicho karibu na injini ili kompyuta isiingilie kati, kisha unamulika alama ya puli. Ilipasa kusoma digrii 10. Ilisoma 17. Kompyuta ilikuwa ikirudisha nyuma, sisi tukisukuma mbele, hadi nafasi ya kuokoa ikaisha.

Lakini digrii zile hazikuwa chanzo, kwa kuwa mlio ulianza kabla yake. Injini ilipofunguliwa tukaona ukingo wa pistoni ya tatu umevunjika chini ya ringi. Tulipokwisha kuifunga upya na kurudisha taimingi, mzee alifunga geji ya mafuta kwenye kioo cha mbele tukaenda naye polepole barabarani. Turbo ikianza kushindilia, kani ya petroli yapasa kupanda pamoja nayo. Sindano ilishuka. "Simama," akasema. Filta ya petroli, iliyokuwa haijabadilishwa tangu nilinunue gari, ilikuwa imeziba. Bei yake haikufikia ya chakula cha mchana cha watu wawili.

Jambo jingine alilionyesha akicheka. Kwenye kifuniko cha tangi mlikuwa na kibandiko cha Kijapani nilichokuwa nikikipangusa vumbi tu. Aliwahi kusomewa kimoja kama hicho: kinataka petroli ya okteni ya juu, ambayo kwa viwango vya Japani haipungui 96, huku ya kawaida huko ikianzia 89. Zamani wenye injini kali walisaidiwa na risasi iliyotiwa katika petroli, uvumbuzi wa Thomas Midgley wa mwaka 1921 huko Marekani, sumu ambayo nchi zilizo kusini mwa Sahara ziliiacha ulipoanza mwaka 2006, na Algeria, ya mwisho duniani, mwaka 2021. Sasa kinga ni petroli inayofaa, mchanganyiko usiopungukiwa, na sikio.

Fedha za mabati ziliishia kwenye pistoni, ringi na gasketi. Nilimwambia mama jioni, nikiwa nimesimama mlangoni. Alinyamaza kidogo, akaniambia nimsaidie kusogeza kitanda upande wa pili wa chumba, ambako hakuvuji sana. Alilala hapo masika yote ya mwaka 2020. Paa liliezekwa Agosti ya mwaka uliofuata, nami nilipanda Kitonga na misumari ndani ya buti, gia ya pili, redio imezimwa.