Simu Yetu Ugenini

Mtu anayehama nchi hachukui vitu vingi. Ndege ina kipimo chake: nguo chache, makaratasi, picha za jamaa, basi. Lakini siku hizi hakuna anayesahau simu yake. Ndani yake mna namba za ndugu, sauti zao, picha za arusi na za mazishi, hata feza. Kwa hiyo mhamiaji husema moyoni: Simu hii ni yangu, niliilipa mwenyewe, haikufungwa na kampuni yo yote. Nikifika, nitatia kadi ya nchi ile, nami nitasema na watu kama kawaida.

Je, ni kweli? Ni kweli nusu. Nusu ya pili ndiyo tunayotaka kuwaeleza hapa, kwani asiyeijua aweza kupata hasara kubwa kuliko hasara ya feza.

Sisi tu watu sita wa nyumba moja: mume na mke, mama yetu mzee, na watoto watatu. Tulitoka Bukavu mwaka 2023 kwa ile visa ya bahati nasibu ambayo Wakongo wengi walikuwa wakiijaribu kila mwaka, tukafikia Cedar Rapids, mji wa jimbo la Iowa, katikati ya Marekani. Wakongo wengi walitutangulia huko. Tulikuja na simu tatu, zote za Bukavu, zote wazi, yaani zisizofungwa.

Neno hilo lataka maelezo. Kwetu Kongo simu huuzwa dukani, ao sokoni Kadutu, bila kifungo. Nyingi zina nafasi mbili za kadi. Mtu anatia kadi ya Vodacom upande mmoja na ya Airtel ao Orange upande wa pili, na rezo ikikosa huku anapita kule. Marekani desturi ni nyingine. Mara nyingi kampuni humpa mtu simu ya bei kubwa, naye anailipa kidogo kidogo kwa miaka miwili ao mitatu. Muda huo simu imefungwa: haikubali kadi ya kampuni nyingine. Tarehe 1 Agosti 2014 Rais Barack Obama alitia sahihi sheria inayomruhusu mtu kufungua simu yake ili aipeleke kwenye kampuni nyingine. Mwenye simu wazi tangu mwanzo hana haja ya kuifungua. Ananunua kadi ya kulipa kwanza, mwezi kwa mwezi, bila mkataba na bila kuchunguzwa namna alivyolipa madeni yake ya zamani. Kwa mgeni hilo ni jambo kubwa, kwani nchi ile haimjui bado, wala haina habari zake.

Basi kifungo ni mlango wa kwanza, nao ulikuwa wazi kwetu. Lakini nyuma yake iko milango mingine mitatu.

Mlango wa pili ni mawimbi. Simu husema na mnara kwa mawimbi, na kila nchi imegawa mawimbi yake namna yake. Kongo, kama Ulaya, simu za 2G hupita kwenye megahezi 900 na 1800. Marekani walizoea 850 na 1900, na 4G yao yapita pia kwenye 600, 700 na 1700. Simu iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika haina sharti ya kuyasikia mawimbi hayo. Moja ya simu zetu tatu haikusikia hata kidogo. Ndani ya nyumba ilishika Wi-Fi; barabarani ilikuwa saa na kamera tu. Haikuharibika. Ni kama mtu mwenye masikio mazima anayesemeshwa kwa lugha asiyoijua.

Mlango wa tatu ni sauti, nao ndio unaodanganya watu wengi. Sikieni vizuri. Rezo ya 4G ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya intaneti. Kwa miaka mingi simu ya 4G ilifanya hivi: mtu akitaka kupiga, inashuka kwenye 3G ao 2G, inasema huko, kisha inapanda tena. Mfano wake ni nyumba ya gorofa ambayo kisima chake kiko chini: unalala juu, lakini ukitaka maji sharti ushuke. Sasa Marekani wamefukia kisima. Kampuni ya AT&T ilizima 2G mwanzo wa mwaka 2017, na 3G tarehe 22 Februari 2022. T-Mobile ilizima 3G mwaka ule ule, na Verizon ikamaliza tarehe 31 Desemba 2022. Tangu hapo simu sharti ijue kupitisha sauti ndani ya 4G yenyewe. Njia hiyo yaitwa VoLTE. Simu isiyoijua itapata intaneti safi kabisa, itaonyesha picha na kupokea ujumbe, lakini namba ya kawaida haitapigika.

Mlango wa nne ni orodha. Hata kama simu yaijua VoLTE, kampuni nyingine zina orodha ya aina za simu wanazozikubali kwa sauti. Simu isiyoandikwa humo hubaki nje, ijapokuwa ni nzima, ni wazi, na mwenyewe analipa kila mwezi. Ya kwanza kati ya simu zetu ilikuwa ndani ya orodha, ikafanya kazi siku ile ile. Ya mama mzee haikuwamo.

Lakini hatukuambiwa hivyo. Tulikwenda katika duka la kampuni moja, tukauliza kama simu hizi zitafaa. Kijana wa duka alitia kadi katika simu ya mama, akaona intaneti inakuja, akasema: Tayari. Na kweli, mama alisema na mdogo wake wa Walungu kwa WhatsApp kabla hatujafika nyumbani. Alicheka sana, maana huko ilikuwa usiku wa manane, na kwetu jua lilikuwa halijatua. Wote tukaona simu ni nzima. Siku zilizofuata mwalimu wa mtoto alituambia amepiga namba ile mara nyingi bila jibu. Tukarudi dukani kuuliza. Wakasema tungoje, ni mambo ya mnara. Tukarudi tena mara ya pili, jibu likawa lile lile.

Sisi wawili tulikuwa tukifanya kazi ya usiku kiwandani, na mama alibaki na watoto. Usiku mmoja wa Novemba mdogo wao, mtoto wa miaka minne, alishikwa na pumu. Mama alijua la kufanya. Katika masomo ya wageni walimfundisha kwamba Marekani mtu akiwa katika hatari anapiga 911. Akapiga. Simu ikanyamaza. Akapiga tena, ikanyamaza. Alama za rezo zilikuwa zimejaa pale juu ya kioo. Mama akambeba mtoto, akatoka katika baridi na ndara miguuni, akagonga mlango wa jirani asiyejua neno moja la Kiswahili wala la Kifaransa. Jirani alimtazama mtoto, akaelewa, akapiga kwa simu yake. Gari la wagonjwa likafika upesi, mtoto akapona. Mama alituambia neno moja tu tuliporudi asubuhi: Simu inayocheka na wewe mchana na kukukana usiku, hiyo si simu.

Ndugu wasomaji, tumelitafakari neno hilo. Namba 911 si jambo la jana: mara ya kwanza ilipigwa tarehe 16 Februari 1968, katika mji wa Haleyville, jimbo la Alabama. Sheria ya Marekani yaziamuru kampuni kuipitisha 911 hata kama simu haina kadi wala malipo. Lakini sheria haiwezi kuipa simu ulimi isio nao. Kama simu na mnara hawapatani namna ya kupitisha sauti, mtu atapiga bure. Na WhatsApp haikusaidii hapa: yenyewe haipigi 911.

Wasidhani watu kwamba ni shida ya Marekani peke yake. Australia, ambako Wakongo wengi wanakaa pia, baadhi ya kampuni kubwa zilianza kuzima 3G tarehe 28 Oktoba 2024. Serikali ya huko iliona kwamba simu nyingine zaweza kupiga kwa kawaida, lakini zikipiga 000, namba yao ya hatari, zinashindwa. Ikaamuru kampuni zizikatae kabisa simu hizo katika rezo, ili mtu asiwe na simu ya kumdanganya. Amri hiyo iliwaudhi wengi, maana simu zao zilikuwa nzima. Sisi, baada ya usiku ule, twaielewa.

Basi afanye nini mtu anayesafiri? Haya ndiyo mashauri yetu.

Kwanza, kabla ya kupanda ndege, piga *#06# katika simu yako. Itatokea namba ya tarakimu 15, nayo ni kama jina la ubatizo la simu ile: hakuna nyingine yenye namba hiyo. Simu ya kadi mbili itaonyesha namba mbili. Ziandike kwenye karatasi. Kampuni nyingi za Marekani zina mahali katika intaneti pa kutia namba hiyo na kuona kama simu yako inakubaliwa kwao. Kazi hiyo waweza kuifanya ungali Bukavu.

Pili, usiulize tu: Simu hii itafanya kazi? Neno hilo ni pana mno, na muuzaji atalijibu upesi. Uliza hivi: Itapiga na kupokea sauti kwa 4G katika rezo yenu? Aina hii imo katika orodha yenu?

Tatu, usitoke dukani bila kujaribu. Zima Wi-Fi. Piga namba ya kawaida, si kwa WhatsApp. Kisha mtu akupigie, nawe uitike. Juu ya 911, usiipige kwa mchezo: ni kosa, tena waweza kumchelewesha mgonjwa. Ukitaka hakika, pigia ofisi yao kwa namba yao ya kawaida, uombe ruhusa ya kujaribu.

Nne, kama simu imekataliwa, usiitupe. Iache nyumbani ishike Wi-Fi, iwe ya kusemea na jamaa. Lakini yule anayebaki na watoto apewe simu inayopiga kweli, hata ikiwa ndogo na ya bei rahisi. Ndivyo tulivyofanya. Mama ana simu mbili sasa: moja ya ndugu, moja ya hatari.

Yako na mashauri juu ya namba ya nyumbani, ile inayoanza na +243. Watu wengi wakihama wanaitoa kadi, wanaiweka katika bahasha, wanaisahau. Ndugu, kadi isiyotiwa inite hufa. Kampuni huikata baada ya miezi, na namba ile yaweza kupewa mtu mwingine. Mtu huyo akiitumia kufungua WhatsApp yake, wewe utatolewa, na jamaa wa kijijini wakikuandikia watakuwa wanamwandikia mgeni. Na kama ulikuwa na feza katika namba ile, kuzirudisha ni safari ndefu. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, toa feza zote. Tia WhatsApp namba yake ya siri ya tarakimu sita, ili asiyeijua asiweze kuingia. Ukikaa sana ugenini, hamisha WhatsApp kwenye namba mpya. Iko njia ndani yake ya kuwapasha jamaa habari ya mabadiliko. Sisi tuliacha kadi ya mama kwa ndugu yake Bukavu, atie inite kidogo kidogo. Lakini mchague vizuri mtu huyo, maana mwenye kadi ndiye anayepokea ujumbe wa kuthibitisha. Kumwachia mtu kadi ni kumwachia ufunguo wa nyumba.

Na ninyi mliobaki Kongo, mnaotuandikia kila siku: Tuleteeni simu ya Marekani! Mjue kwamba shida hii ina njia mbili. Mara nyingi simu inayolipwa bado kidogo kidogo imefungwa, nayo haitakubali kadi ya Kongo. Tena iPhone zilizouzwa Marekani tangu ile ya 14, ya mwaka 2022, hazina tundu la kadi kabisa. Zataka kadi isiyoshikika kwa mkono, ambayo huingia kwa intaneti. Ulizeni kwanza kama kampuni yenu yaitoa, ndipo mtume feza.

Wazee wetu walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la siku hizi ni simu. Kwa hiyo nalo liangaliwe mpini na chuma mapema, kabla ya kuingia shambani. Kuwa na simu yako mwenyewe, isiyofungwa na mtu, ni jambo jema, nalo limetuokolea feza nyingi. Lakini kuwa wazi ni kitu kimoja, na kujulikana mahali unapofikia ni kitu kingine. Mjaribu simu zenu mchana, mtoto akiwa mzima.