Habari za Gego Lililozibwa

Mhariri ameniomba niandike jambo lolote lenye faida kwa ndugu zangu walio bado darasani, na najua wengi wangojea habari za kazi na za mjini. Mimi nimechagua gego. Wasomaji wasicheke upesi: katika bweni letu sikumbuki muhula uliopita bila mvulana mmoja kukesha ameshika shavu, na mara nyingi mwisho wake ulikuwa koleo.

Kwetu Jinja, mama yangu ana neno moja tu juu ya shauri hili: dawa ya jino ni kung'oa. Yeye mwenyewe amekwisha ng'olewa magego manne, na nyama huitafuna kwa upande mmoja. Basi gego langu la chini lilipotoboka, katika mwaka wa kwanza wa kazi yangu hapa Kampala, agizo lake lilinifikia kwa simu kabla sijamwona mganga. Sikatai kwamba kung'oa ni rahisi kwa bei, na maumivu hayakawii kwisha. Lakini nilikuwa na miaka 20 tu, na gego likitoka, jirani yake huanza kuinama kuelekea pengo, na lile la juu huteremka kwa kukosa mwenzake. Wazee walikwisha sema, jino la pembe si dawa ya pengo.

Daktari aliyenitazama ni mama wa makamo, na chumba chake kiko ghorofani huko Wandegeya. Aliniambia tundu halijafika kwenye mshipa, kwa hiyo lazibika. "Chagua mwenyewe, mwanangu," akasema. "Ipo ya madini, na ipo hii nyeupe." Nikamwuliza, "Hiyo nyeupe itakaa miaka mingapi, Daktari?" Hakujibu kwa haraka ya mfanya biashara, na nilimpenda kwa hilo. Nalieleza jibu lake hapa kama nilivyolifahamu, pamoja na niliyoyasoma baadaye.

Ile ya madini huitwa amalgamu: ni unga wa fedha, bati na shaba uliokorogwa na zebaki, na zebaki ni karibu nusu ya uzito wake. Nyeupe huitwa kompositi, nayo ni rezini iliyojazwa chembe ndogo sana za kioo. Mwaka 1955 Michael Buonocore wa Rochester, Marekani, alionyesha kwamba asidi ikipakwa kidogo juu ya ganda la jino hulikwaruza, hata rezini ikapata pa kushika. Mwaka 1962 Rafael Bowen, Mmarekani mwenzake, akapata hataza ya rezini ambayo ndiyo mama wa hizi za leo. Zamani zilifaa meno ya mbele tu, maana kwenye magego zililika upesi. Siku hizi kulika si tatizo kubwa tena.

Tatizo liko kwingine. Rezini inapokauka hunywea kidogo, na mahali iliponywea paweza kubaki ufa mwembamba usioonekana kwa macho. Vijidudu hupita humo, na jino huoza upya chini ya kizibo. Jambo hili lilipimwa vizuri kwa wanafunzi kama ninyi, wa shule za Casa Pia mjini Lisbon, Ureno. Watoto 472 walizibwa magego, vizibo 1,748 kwa jumla, vingine vya amalgamu na vingine vya kompositi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007: baada ya miaka 7, katika kila vizibo 100 vya amalgamu 94 vilikuwa vizima, na vya kompositi 85 au 86. Vilivyoharibika, sababu yake kubwa ilikuwa kuoza upya.

Kwa hesabu hiyo amalgamu imeshinda. Mbona basi nilichagua nyeupe? Kwanza, tundu langu lilikuwa dogo, na kwa kuwa kompositi hujishika yenyewe, daktari hakuhitaji kuchimba sehemu nzima ya jino ili kutengeneza mahali pa kuibana. Pili ni zebaki. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Uganda imo, unataka matumizi yake yapungue, na mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kwamba watoto wa chini ya miaka 15 wasizibwe kwa amalgamu ila kwa lazima.

Kazi yenyewe ilihitaji saburi. Mate yakigusa tu, gundi haishiki. Kwa hiyo alilizungushia gego kipande cha mpira mwembamba, akapaka asidi, akaosha, akakausha, akapaka gundi. Kisha akaweka rezini tabaka kwa tabaka, kila moja isizidi milimita 2, maana mwanga wa ile taa ya buluu haupenyi mbali. Katikati umeme ukakatika, kama kawaida yake. Taa ilikuwa na betri, akaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Bei ilinifanya nitembee kwa miguu kwenda kazini mwezi mzima.

Aliye mbali na chumba cha namna hiyo asidhani amebakiwa na koleo tu. Huko Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, ilianzishwa njia ya kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono, bila mashine wala umeme, na kuziba kwa saruji ya meno; siku hizi hutumiwa ile iitwayo glasi ionoma. Kwa tundu dogo la upande mmoja wa jino inafaa sana. Kwa tundu kubwa la pande mbili huvunjika mapema.

Langu sasa lina miaka minne. Ukingo mmoja umegeuka rangi ya chai, na daktari aliuchokonoa kwa sindano yake, akaona bado umeshika, akausugua tu. Chai yenyewe nimeipunguzia sukari, si kwa kupenda. Katika kadi yangu ameandika nirudi Desemba.